"Yule yuaringa na saa yake": tunayoyaamini kuhusu saa za bei, na mambo yalivyo

Juzi baada ya ishaa tumekaa barazani huku Mji wa Kale Mombasa, kahawa tungu na kashata kama kawaida, akapita kijana mmoja na kanzu yake nyeupe. Akatoa salamu, tukaitikia. Kwa ile taa ya duka tukaona kitu kimemetameta mkono wa kushoto, saa ya cheni, uso wa kijani. Hata hajafika kona mmoja wetu keshatoa hukumu: "Yule yuaringa." Kwani kafanya nini? Kapita tu, tena kasalimu watu!

Basi ikawa ndio mada, mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaenda zake sisi bado tunabishana. Nilichogundua ni kwamba kila mtu alikuwa anaongea kwa uhakika kabisa na nusu ya yale maneno hayakuwa kweli, mengine nilikuwa nayaamini hata mimi. Nayaweka hapa.

Dhana: ukivaa saa ya bei we unaringa, hakuna cha kuuliza.

Hii ndio kubwa na ndio inayonikera. Sisi tuna maneno matatu mazuri tu ila tunayakoroga kwenye sufuria moja: israfu, riya, na kiburi. Israfu ni kupitiliza kwenye matumizi, mtu ana deni la sacco na karo ya watoto haijalipwa na yeye yuko na saa ya laki mbili. Riya ni kufanya jambo ili uonekane na watu. Kiburi nacho kuna hadithi maarufu ipo kwenye Sahih Muslim, mtu mmoja alisema kwamba mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, Mtume (SAW) akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Yaani kitu kizuri mwilini peke yake sio ushahidi. Ushahidi ni vile unavyowaona wenzako baada ya kukivaa, na hayo sisi tuliokaa barazani tutayajuaje mtu kapita sekunde tano?

Sasa sisemi watu hawaringi. Wanaringa sana, na Mombasa tunajua kuringa jamani tusidanganyane. Lakini angalia mkono unafanya nini. Kanzu ina mkono mrefu, saa inajifunika yenyewe bila wewe kufanya chochote, kwa hiyo anayetaka uione lazima apige kazi kidogo. Atakunja mkono wa kanzu mara mbili hata kama ni Julai na upepo wa kusi unavuma. Atauliza "sai saa ngapi?" halafu ajijibu mwenyewe. Mimi nimeshuhudia kwa macho yangu, harusini, mtu mzima anashika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto, mbele ya wazee, kwa sababu saa ndio iko huko!! Mzee mmoja akamwangalia, akaangalia kikombe, akaguna. Hio ndio riya, na hata ile saa ingekuwa ya mia tano ingekuwa riya vilevile.

Kisha kuna ami yangu. Alikuwa baharia, meli kwa meli miaka mingi, na ana saa ya bei, Omega, aliyonunua Jeddah enzi hizo. Anaivaa uso ukiwa ndani, upande wa kiganja, mazoea ya melini ili kioo kisigonge chuma. Anakaa baraza ileile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ami anaringa, manake hakuna aliyewahi kuiona! Siku ilipoharibika nikaipeleka kwa fundi saa karibu na Marikiti ndio fundi akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenyewe anajua anavaa nini.

Dhana: saa ya pesa ni ile kubwa inayong'aa.

Aa wapi. Nyingi za bei ya kutisha zimenyamaza kabisa. Patek Philippe, kampuni ya saa ya Uswisi, wana ile Calatrava, ipo tangu 1932, duara jembamba na mkanda wa ngozi, ungepanda nayo matatu ya Kisauni mpaka mwisho wa safari na makanga asikutazame mara mbili. Na kule Audemars Piguet, kampuni nyingine ya Uswisi, mwaka 1972 walitoa Royal Oak, imechorwa na mbunifu wa saa Gérald Genta, chuma cha pua sio dhahabu, na bei yake ilipita saa nyingi za dhahabu za wakati ule, watu wakashangaa. Sasa rudi hapa kwetu, ile yenye vijiwe duara zima inayokuchoma macho unaipata kwa shilingi mia kadhaa kwenye meza ya barabarani Mwembe Tayari. Wahenga walishasema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na kwenye saa ni hivo hivo.

Yule fundi alinionyesha siku ileile. Kulikuwa na "Rolex" ya mteja mezani, kubwa, nzito, ya njano. Akafungua mgongo kwa kile kisu chake kidogo. Ndani mashine yenyewe ni kidude cha betri sawa na ukucha wa kidole gumba, halafu imezungukwa na duara la plastiki jeupe la kujaza nafasi isicheze. Akaligonga na kibano, tik tik, akacheka. "Hii ndio mwenyewe aliniambia nisiguse kitu, nitie betri tu."

Ndio maana ukimhukumu mtu kwa saa uliyoiona kwa mbali hujui hata unahukumu nini. Na ile ya akrabu ya sekunde, kwamba ikiteleza bila kurukaruka basi ni orijino, nayo imepitwa, feki za otomatiki, zile zisizo na betri, zinateleza pia, na Rolex wenyewe waliwahi kuuza saa za betri, kuna zilizotoka 1977 zinaitwa Oysterquartz, na akrabu yake inaruka tik tik kama saa ya ukutani.

Dhana: bei ikiwa juu, saa inashika wakati vizuri zaidi.

Kinyume chake! Saa ya kimashine ya Uswisi, ya springi isiyo na betri, iliyopimwa na kupewa cheti inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku, na hapo imefaulu mtihani. Saa ya betri ya kawaida inakosea kama sekunde 15 hadi 30 tu kwa mwezi mzima. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ya tangu 1989 ambayo kila nyumba ya huku ilishawahi kuwa nayo, inaipiga saa ya milioni kwenye kutunza wakati bila jasho, mwenye Casio ndio anayefuturu kwa dakika yake.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba teknolojia ya quartz, ile iliyo ndani ya hizi saa za betri za kawaida, yenyewe ilianza kama anasa. Seiko walipotoa ya kwanza ya mkononi, Astron, tarehe 25 Desemba 1969, bei ilikuwa yen 450,000, pesa ya kununua gari dogo Japani wakati huo. Baadae ikashuka mpaka ikafika mezani Mwembe Tayari.

Kwa hiyo pesa inaenda wapi? Kazi ya mikono, madini, na jina. Zaidi jina. Rolex ilianzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf, Mjerumani, wakati ambao mwanamume wa heshima anaweka saa mfukoni na ile ya mkononi inaonekana pambo la wanawake. Ndio, hilo lilikuwa jambo la kuchekwa! Mpaka vita vya kwanza vya dunia, askari kwenye mahandaki hana mkono wa kuingiza mfukoni, ndio wanaume wakaanza kufunga saa mkononi na aibu ikaisha. Halafu mwaka 1927 Mercedes Gleitze, mwanamke Mwingereza, akaingia kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kampuni ikampa Oyster aende nayo, na ijapokuwa baridi ilimshinda safari hio akatolewa majini kabla ya kumaliza, saa ilitoka ikifanya kazi, na Wilsdorf akanunua ukurasa mzima wa mbele wa Daily Mail kutangaza. Ukitafuta nani hasa anajionyesha, mi naanzia kwa kampuni, sisi tunavaa tangazo lao na tumelilipia wenyewe.

Dhana: ikiwa ya njano ni dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume ni haramu, basi huyo keshakosea.

Kwamba dhahabu imekatazwa kwa wanaume wa Kiislamu hilo halina mjadala hapa kwetu. Ila njano sio dhahabu. Nyingi ni chuma kilichopakwa rangi, hakuna hata chembe. Zilizopakwa dhahabu yenyewe juu juu, wanazuoni wana maneno yao, muulize sheikh wako sio mimi. Ila jua hili, Rolex Day-Date inayopendwa na wakubwa tangu 1956 huuzwa ya dhahabu au platini tu, kwa hiyo ukimwona alhaji nayo na ni orijino na sio platini, hapo mwulize kwa adabu. Na ikiwa feki? Basi kasalimika na dhahabu, abaki na kesi ya feki.

Dhana: ni uwekezaji bwana, haishuki bei.

Hii ni lugha ya muuzaji. Saa nyingi ukitoka nazo dukani tu bei imeshashuka, kama gari. Chache za majina fulani zilipanda wazimu kipindi cha korona, zikafika kileleni mwanzo wa 2022, kisha zikaporomoka na walionunua juu wakabaki wanazitazama. Nunua kwa sababu unaipenda, yaishe.

Dhana: simu ina saa, kwa hiyo ya mkononi ni mbwembwe tu.

Anayesema hivi hajavuka feri Likoni saa kumi na moja jioni. Ujaribu kutoa simu mfukoni kwenye ule umati uone kama utavuka nayo. Mkono unainua tu unaangalia. Tena kwetu saa ya akrabu ina raha yake, akrabu iko kwenye tisa sisi tunasoma saa tatu, tunaangalia upande wa pili bila hata kufikiri, wakati simu inabidi utoe sita kichwani.

Dhana: saa ya mtu ni shauri yake, hata akiwa kiongozi.

Hapa nageuka. Yule kijana wa kanzu simdai kitu. Lakini mshahara wa kiongozi unajulikana, naulipa mimi na wewe, kwa hiyo saa yake ni swali halali. Wengine nao wanajua ni swali ndio maana wanaficha. Mwaka 2012 ofisi ya Kirill, Patriaki wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, iliifuta saa yake ya bei, Breguet, kwenye picha moja, wakasahau kwamba meza ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, mkono juu hauna saa, kivuli chake mezani kina saa. Wallahi nilicheka mpaka machozi, na kanisa likaomba radhi. Peru nako, Machi 2024 polisi walivamia nyumba ya rais Dina Boluarte wanatafuta Rolex ambazo hakuzitaja kwenye orodha ya mali zake, yeye akaja kusema ameazimwa na gavana rafiki yake. Kuazima saa!

Na sisi hapa Kenya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga mswada wa fedha, hizo saa na mikanda na viatu vya wanasiasa vilitajwa kila siku, na sio wivu kama wengine walivyosema. Katiba yetu kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye shughuli ya umma ni zawadi ya Jamhuri, sio yake. Basi akiulizwa umeipata wapi ajibu, asituambie tunamwonea.

Nirudi barazani. Usiku wa pili yule kijana akapita tena, tukamwita akae, tukampa kahawa. Akashika kikombe kwa mkono wa kulia, nikaona hilo. Mmoja akashindwa kuvumilia akamwuliza bei. Akaivua akaiweka kwenye mkeka, "Hii? Kopi. Elfu moja mia tano, duka moja huko mjini, alitaka elfu mbili nikamshusha." Ikazunguka mkono kwa mkono, ami akaipima uzito akairudisha bila neno. Yule aliyesema juzi "yuaringa" akaishika kwa muda kuliko sisi wote, akaigeuza, akaijaribu mkononi mwake, akaisogeza karibu na taa.

"Na za uso mweusi," akauliza, "anazo?"