Je, wajua kwa nini laptopu ya zamani huwa nzito kufanya kazi ilhali prosesa yake haichakai?

Mwezi Agosti, wakati upepo wa kiangazi umeshika kasi hapa Dodoma, mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alikuja nyumbani, akaiweka laptopu yake mezani na kusema, "Mjomba, hii imeshazeeka, haifai tena." Ilikuwa inachukua zaidi ya dakika nne kuwaka hadi kuwa tayari kwa kazi, na feni yake ilivuma bila kupumzika hata alipokuwa akiandika ukurasa mmoja tu.

Neno "imezeeka" linahitaji kuangaliwa kwa makini. Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, haina sehemu inayosuguana wala kulika kama breki za pikipiki. Kasi yake huongozwa na mapigo ya kristali ndogo, na mapigo hayo baada ya miaka 10 huwa karibu yale yale ya siku ya kwanza. Kwa hiyo laptopu inapokuwa nzito, mara nyingi prosesa imezuiwa na kitu kingine, au inakaa bure ikingoja kuletewa kazi.

Kizuizi cha kwanza ni joto, na sisi wa Dodoma tunalifahamu chanzo chake kuliko watu wengi. Tangu Mei hadi Novemba mvua ni nadra sana, ardhi hukauka, na vumbi laini huingia hata kwenye nyumba iliyofungwa madirisha. Feni ya laptopu huvuta hewa kwa chini na kuisukuma ubavuni kupitia mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa kama meno ya kitana. Nilipofungua mfuniko wa chini wa laptopu ya mpwa wangu kwa bisibisi, feni yenyewe haikuonekana chafu sana. Nilipoitoa ndipo nikakuta kati yake na yale mapezi utando mnene wa vumbi na nyuzi za nguo, umeshikana kiasi kwamba niliubandua mzima kwa kucha kama ganda la kidonda. Hewa haikuwa na pa kupita.

Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha joto, kwa kawaida karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikikaribia, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na mtumiaji huona uzito bila kupewa onyo lolote. Dawa yake ni usafi: zima laptopu, chomoa chaja, tenganisha betri, kisha tumia brashi laini au blowa, huku ukiyashika mapanga ya feni kwa kidole, kwani yakizungushwa kwa nguvu ya upepo yanaweza kuharibika. Kama laptopu ina miaka mingi, mwombe fundi abadilishe pia pesti, ule urojo unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ambao ukikauka huacha kupitisha joto vizuri. Kiasi cha punje ya mchele hutosha kwa prosesa nyingi. Mimi hufanya usafi huu mwezi Novemba, vumbi linapokaribia kutulizwa na mvua.

Hata hivyo, usafi ulinyamazisha feni tu; dakika nne za kuwaka zilibaki vile vile. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona kazi zinavyogawanyika ndani ya mashine, nikakuta diski imefika asilimia 100 wakati prosesa haijafika hata asilimia 10. Hapo ndipo palipokuwa na foleni.

Diski ya aina ya zamani (hard disk), inayohifadhi mafaili na programu, ni sahani inayozunguka, na katika laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja basi huchukua takriban milisekunde 11, na kabla ya kusoma chochote mkono wake mdogo lazima usogee hadi mahali panapotakiwa, halafu usubiri sahani ilete data chini yake. Kwa hesabu hiyo, ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, diski huweza kuhudumia maombi yasiyofika 100 kwa sekunde, ilhali mfumo unapowaka huomba maelfu. Diski ya SSD, aina mpya inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka. Huhudumia maelfu mengi ya maombi kwa sekunde hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, kwa laptopu ambayo bado ina hard disk, hakuna shilingi inayotumika vizuri kuliko ya kununua SSD. Hifadhi kwanza nakala ya kazi zako pembeni, kisha fundi anaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zinazoendelea, nayo huchangia. Ikijaa, mfumo huanza kuazima nafasi kwenye diski, na kama diski ni ile inayozunguka, kila kitu hukwama. Kabla ya kununua ya kuongeza, hakikisha aina yake, kwa sababu DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, na baadhi ya laptopu zina RAM iliyochomelewa isiyobadilishika.

Kwa upande wa programu, zuia zile zinazojiwasha pamoja na mashine, na achana na programu zinazojinadi kwamba zinaongeza kasi, kwani nyingi huongeza mzigo. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba tangu Windows 8, kuzima laptopu kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho yake. Kuwasha upya kwa amri ya "Restart" ndiko kunakoanza kila kitu mwanzo.

Baada ya kuwekewa SSD, laptopu ya mpwa wangu sasa huwaka kwa chini ya nusu dakika. Lililobaki ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho yake ya kawaida ya usalama, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yake haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo tumekubaliana kwamba akimaliza mitihani tutaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta usio wa Windows.