Je, wajua grupu la WhatsApp la mtaa ni la nani hasa?

Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba, ni vigumu siku hizi kukuta barabara isiyo na grupu lake la WhatsApp. Humo hutangazwa misiba, hukusanywa michango ya maulidi na harusi, na huulizwa nani kamuona mbuzi wa fulani. Waliohamia Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat wamo pia. Mambo yakiwa shwari, hakuna anayeuliza grupu ni la nani. Swali huibuka siku admini anapogombana na nusu ya wanachama, au anapofariki.

Tuanze na huyo admini, maana ndiye anayeonekana. Anaweza kuingiza watu na kuwatoa, kufuta ujumbe wa mwanachama usisomwe tena na yeyote, na kufunga maongezi ili waandike maadmini peke yao. Maadmini wanaweza kuvuana vyeo wao kwa wao, ila si kumvua yule aliyelifungua grupu. Kwa utaratibu wa WhatsApp huyo hatolewi, na hubaki admini mpaka aondoke mwenyewe. Basi yule kijana mliyemwambia “hebu tufungulie grupu, wewe una simu nzuri” mlimpa cheo bila kujua. Mwenyekiti wa mtaa hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 5. Yeye harudi kwa mtu.

Akiamua kuondoka hali ya kuwa ndiye admini pekee, mambo hayatulii pia. Programu huchagua mwanachama yeyote kwa bahati nasibu na kumkabidhi uadmini. Huenda ukamwangukia bibi anayesoma tu matangazo ya misiba, au shemeji aliyeingizwa kwa ajili ya harusi moja akasahaulika humo. Na akifariki, cheo hakirithiwi. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na ikifutwa jina lake hutoka katika makundi yote. Kabla ya hapo, aliyebaki na simu ya marehemu ndiye anayeweza kuandika kwa jina lake, jambo ambalo familia nyingi hulikumbuka kwa kuchelewa.

Hata hivyo, huyo admini ni kama msimamizi wa nyumba ya kupanga: funguo anazo, hati hana. Hati iko California, Marekani. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, na mwaka 2014 Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Ni kampuni hiyo iliyoamua mwaka 2022 kwamba grupu liweze kubeba watu 1,024 badala ya 256 wa zamani. Ni kampuni hiyo pia iliyotoweka hewani jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, pale amri moja ya matengenezo ilipokatisha mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Kwa saa sita hivi makundi yote yalikaa kimya, ya Tanga na ya dunia nzima, na hakukuwa na admini wa kumlalamikia.

Lakini kuna kitu kampuni haina, nacho wengi hudhani inacho: maongezi yenyewe. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu za wanaopokea tu. Seva, yaani kompyuta za kampuni, huupitisha tu. Usiposomeka kwa kuwa simu ya mpokeaji imezimwa, husubiri hadi siku 30, kisha huondolewa. Kampuni inajua namba za wanachama, jina la grupu na picha yake, ila picha za shughuli na salamu za rambirambi za miaka yote zimelala kwenye simu za watu. Simu zikiibiwa au zikitumbukia baharini na hakuna aliyehifadhi nakala, historia ya barabara imekwenda nazo.

Kwa nini basi mwenye hati atutie wasiwasi, kama maongezi hana? Kwa sababu anaweza kufunga nyumba. Waliozoea makundi ya barua pepe wanalijua hilo. Yahoo Groups ilianza mwaka 2001 na ilikuwa makazi ya jumuiya nyingi zilizotawanyika duniani. Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba yaliyohifadhiwa humo yangefutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma ikafungwa kabisa. Waliookoka ni wale ambao wasimamizi wao waliwahi kuchukua anwani za wanachama wakahamia kwingine. Barua pepe ina nafuu hiyo: anwani yako haitegemei kundi, na programu ya kuendeshea kundi unaweza kuiweka kwenye seva yoyote, mradi kuna anayelipia na anayekumbuka nywila.

Kuhusu sheria, niseme machache tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamlenga anayechapisha taarifa za uongo kwa nia mbaya, awe admini au mwanachama wa kawaida. Haisemi grupu ni mali ya nani.

Pesa nazo hazimo ndani ya grupu, ingawa kelele zake zimo. Mchango huingia kwenye laini ya mweka hazina, iliyosajiliwa kwa jina lake. Admini akimtoa mweka hazina kwa hasira, ametoa mtu na si fedha. Zile shilingi zinabaki kule kule, na sasa hamna pa kumwulizia.

Kwa mtazamo wangu, basi, mwenye grupu ni yule anayeweza kuwakusanya wanachama upya kesho hata kama WhatsApp haipo, na huyo si lazima awe admini. Namba za wanachama zinaonekana na kila aliyemo, kwa hiyo yeyote mwenye subira anaweza kuzinakili. Daftari la michango ya misiba la barabara nyingi tayari lina majina yote. Linakosa safu moja tu, ya namba za simu.