Yaka Huliwa na Joto, Taa Zinasingiziwa

Kila tunapokaa na wananchi wa Uganda kuzungumzia umeme, iwe Walukuba kule Jinja, iwe Arua, iwe kwenye mizigo ya Kampala, yaani vile vyumba vya kupanga, hakosi mtu wa kuuliza: bwawa la Karuma limeshawashwa, umeme umejaa nchini, mbona yaka yangu, huu umeme wa kulipia kabla, haimalizi wiki?

Anayeuliza hivyo ana haki. Kati ya mabwawa yetu, Nalubaale ilianza kuzalisha mwaka 1954, Bujagali ikakamilika 2012, Isimba ikazinduliwa 2019, na Karuma yenye megawati 600 ikazinduliwa rasmi Septemba 2024. Mgao wa umeme tulioujua mwaka 2006 haupo tena kwa sura ile. Ila bwawa likijaa, mita yako haina habari. Yenyewe inahesabu uniti tu, na uniti 1 ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Mwenye kuielewa hesabu hiyo ataijua nyumba yake kuliko fundi yeyote.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipochukua usambazaji wa umeme Aprili 2025, uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa mteja wa nyumbani ziliwekwa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80, bei inaruka hadi shilingi 756. Kutoka ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412, na hii ndiyo bei iliyowekwa ili watu wapikie umeme. Ukipita 150, unarudi kwenye 756. Juu ya yote kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Bei hizi hupitiwa na ERA, mamlaka inayodhibiti umeme, mara kwa mara, kwa hiyo tazama tangazo jipya kabla ya kugombana na mtu.

Sasa utaelewa kwa nini shilingi 10,000 za tarehe 2 zinaleta uniti nyingi na shilingi 10,000 za tarehe 20 zinaleta chache. Hujaibiwa. Zile 15 za bei rahisi umeshazichukua. Tena hazisubiri: usiponunua mwezi mzima, za mwezi huo zimekupita. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Mtu wa uniti 60 kwa mwezi akipunguza uniti 1, haokoi ile ya 250, anaokoa ile ya juu, ambayo pamoja na kodi inakaribia shilingi 900.

Tukishaelewana hapo, twende kwa mwenye kosa. Watu wakiona yaka inakwenda mbio, wanakimbilia kuzima taa ya sebuleni na kuwafokea watoto. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku, mwezi mzima haimalizi uniti 1 na nusu. Wakati huohuo, bafuni kuna kichwa cha bomba la mvua kinachochemsha maji papo hapo, wati 5,000. Watu 4 wakioga dakika 10 kila mmoja, hizo ni uniti 3 na theluthi kwa siku, uniti 100 kwa mwezi. Kama nyumba hiyo ilikuwa inatumia 60 bila bafu, sasa ni 160, na nyongeza hiyo, ukipitisha kwenye ngazi zote za bei na kodi, ni kama shilingi 60,000. Kwa kuoga tu.

Kila kinachotoa joto ndivyo kilivyo. Birika la umeme, au pakoleta kama wengi tunavyoliita, ni wati 2,000. Pasi ni 1,200 na zaidi. Jiko la koili ni 1,500 hadi 2,000. Weka hivyo vinne kwenye karatasi, vipe dakika zake, na utakuta taa zote za nyumba zikijumlishwa hazivifikii.

Bafu lina tiba mbili. Ya kwanza ni dakika. Mkishuka kutoka 10 hadi 4 kila mmoja, uniti 100 zinakuwa 40, na zile shilingi 60,000 zinashuka chini ya 28,000. Vichwa vingi vya aina hii vina swichi ya ngazi mbili au tatu, nayo imewekwa kwenye ngazi ya juu tangu siku fundi alipoondoka. Ukiwa Kampala mchana wa Februari, ngazi ya chini inatosha kabisa. Watu wa Kabale, kwenye baridi, nawaelewa. Tiba ya pili ni beseni. Maji ya kuoga ya lita 15 yenye uvuguvugu mzuri yanahitaji lita 3 na kidogo tu za maji yaliyochemka, mengine yawe ya bomba. Hizo ni kama thuluthi moja ya uniti. Bafu la dakika 10 ni zaidi ya robo tatu.

Lakini naomba, usichemshe hayo maji kwa ile koili ya kutumbukiza kwenye beseni la plastiki. Kwa kuokoa umeme haina ubaya, joto lake lote linaingia majini. Ubaya wake ni kwamba imeshaua watu. Mtu anajaribu maji kwa kidole kabla hajachomoa, au mtoto anavuta waya. Birika linalojizima lenyewe ni salama zaidi na halichemshi hewa ukiwa umesahau.

Kwa birika lenyewe, pima maji kwa kikombe. Kuchemsha lita 1 ni kama uniti sehemu moja ya kumi. Ukijaza birika zima kwa ajili ya vikombe 2 vya chai, asubuhi, saa nne na jioni, umelipia maji yaliyopoa bure. Chemsha mara moja, tia kwenye chupa ya chai, kwisha. Maji ya kunywa nayo hayahitaji kutokota nusu saa kama wengine walivyozoea. Yakishachemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda, dakika 1 inatosha. Kwenye miinuko inayopita mita 2,000, acha dakika 3. Baada ya hapo unachofanya ni kuyafanya mvuke.

Pasi sitaisemea sana: nguo za wiki piga kwa mkupuo mmoja, anza na zile nyepesi pasi ikiwa inapanda moto, malizia nyepesi nyingine ukiwa umeshachomoa. Shati moja kila asubuhi ni kuipasha pasi upya kila siku.

Jikoni pana mengi. Chukua maharage, chakula cha nyumba nyingi na cha shule nyingi. Kwa jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa 2, umetumia uniti 3. Sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 hupika kwa mvuke uliofungiwa ndani, ikijizima na kujiwasha yenyewe, na sufuria ileile ya maharage hukamilika chini ya uniti 1, mara nyingi nusu tu. Kwa nyumba iliyoko kwenye ngazi ya 81 hadi 150, nusu uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 250. Weka hesabu hiyo kando ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, la mkaa unalonunua kwa jirani, uamue mwenyewe. Presha si rahisi kununua, najua, lakini nyumba inayopika maharage mara tatu kwa wiki huirudisha pesa yake.

Asiye na presha ana kikapu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika 20 kwa maji mapya. Usipunguze hizo dakika, maana maharage mabichi yana sumu inayokufa kwa mchemko mkali tu. Kisha ondoa sufuria ikiwa imefunikwa, iweke kwenye kikapu kilichotandikwa blanketi kuukuu au pamba, funika juu na pembeni pasibaki tundu, uende shambani au dukani. Saa kadhaa baadaye yameiva kwa joto lake lenyewe. Yachemshe tena kabla ya kula. Wali nao hukubali njia hii vizuri sana. Matooke ya kuvukiza kwenye majani, hapana, sitamfundisha mama wa Masaka jambo hilo. Yale yana jiko lake na heshima yake.

Sasa kuhusu kipimo, maana haya yote nimeyasema kwa wati zilizoandikwa kwenye vifaa, na kifaa cha zamani wakati mwingine hakifuati maandishi yake. Mita yako ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, mara nyingi 1,000 au 1,600. Ikiwa ni 1,000, zima kila kitu, washa kifaa kimoja tu, hesabu mipepeso ya dakika 1, zidisha kwa 60: hizo ndizo wati zake. Birika la wati 2,000 litapepesa kama mara 33. Kwa mita ya 1,600, zidisha kwa 37 na nusu. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia namba tu, andika uniti zilizobaki, tumia kifaa saa 1, soma tena.

Zoezi hili lina faida nyingine. Ukiwa umezima na kuchomoa kila kitu na taa bado inapepesa, kuna mahali umeme unakwenda. Inaweza kuwa waya umechubuka ndani ya ukuta wenye unyevu, inaweza kuwa taa ya nje umeisahau, na inaweza kuwa chumba cha jirani kimefungwa kwenye mita yako bila wewe kujua. Hapo usipande ukutani. Ita fundi mwenye kibali cha ERA, umwombe akionyeshe.

Nilisema taa zinasingiziwa, lakini kuna moja siiachilii: ya ulinzi. Ile taa kubwa ya zamani ya wati 150 getini, ikiwaka saa 12 kila usiku, ni uniti 54 kwa mwezi. Ya LED ya wati 10 ni uniti 3 na nusu, na mwizi bado anaonekana. Ukiongeza swichi inayozima kukipambazuka, hutaikuta ikiwaka saa sita mchana, jambo ambalo ukitembea Ntinda au Mbarara utaliona kwenye mageti mengi. Ndani, kama chumba ni cha giza mchana, bati moja la kupitisha mwanga juu ya paa linamaliza kazi. Wenye nyumba, hili linawahusu.

Dekoda watu huisahau. Runinga imezimwa kwa rimoti, dekoda imebaki na taa yake nyekundu, na watu wanaamini imelala. Nyingi hula kati ya wati 8 na 15 hivyohivyo. Ya wati 10 ikiachwa kwenye soketi usiku na mchana ni uniti 7 kwa mwezi, karibu nusu ya zile 15 za bei rahisi. Zima ukutani. Simu, kwa upande wake, tuiache. Kuichaji kila siku hakufiki uniti 1 kwa mwezi, na ugomvi wa wapangaji kuhusu chaja unagharimu kuliko hiyo shilingi mia kadhaa.

Friji ipime kwa noti ya 1,000. Ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umekwisha, na baridi unayolipia inatoka usiku kucha. Mpira mpya ni nafuu kuliko friji. Isogeze mbali na ukuta kama upana wa kiganja, na mbali kabisa na sigiri. Barafu ikishakuwa nene kama kidole, iyeyushe. Wanaoizima usiku ili kuokoa wanaokoa kidogo sana, kwa sababu alfajiri inafanya kazi ya ziada kurudisha baridi, na maziwa hayasamehe.

Wapangaji wa mizigo wana shida yao ya pekee. Vyumba 5 kwenye mita moja vinagawana uniti 15 za bei rahisi kama nyumba moja, yaani 3 kwa kila chumba. Mkiwa na mita ndogo za ndani, mwombeni mwenye nyumba awaonyeshe risiti ya yaka ya mwezi, mgawanye jumla ya fedha kwa jumla ya uniti. Hiyo ndiyo bei yenu halisi. Pakiwezekana, kila chumba kiombe mita yake.

Mwisho, kuna visanduku vidogo vyenye taa ya kijani vinavyouzwa barabarani na mtandaoni, unachomeka kwenye soketi na unaambiwa bili inashuka nusu. Mita ya nyumbani hupima umeme uliotumika kweli, na kisanduku hicho hakipunguzi hata wati moja ya birika lako. Ukikifungua, mara nyingi utakuta kapasita ndogo na hiyo taa. Ukiwa umeshakinunua, kipime kwa mipepeso ya mita kama nilivyoeleza, kikiwa ndani na kikiwa nje, kisha umpelekee muuzaji hesabu.