Kutu Iondoke, Maandishi Yabaki

Kazi yangu ya uhifadhi hapa Dodoma hunikutanisha na bunduki za rashasha za zamani, zile ambazo wazee bado wanaziita bombomu, ambazo mitutu yake ilikwisha kuzibwa na sasa ni vifaa vya maonyesho tu. Ninasisitiza hilo kwa sababu silaha ya namna hii si kitu cha raia kujikusanyia nyumbani. Anayefukua chuma cha vita shambani, tuseme kule Kondoa walikopigana Wajerumani na majeshi ya van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyekuwa upande wa Waingereza, mwaka 1916, asikiguse, awaite polisi.

Iliyo mezani kwangu sasa ni Bren, rashasha nyepesi ambayo Waingereza waliitoa katika rashasha ya ZB 26 ya Chekoslovakia, na jina lake likaunganishwa kutoka Brno, mji wa Chekoslovakia, na Enfield ya Uingereza. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliibeba hadi Burma. Kabla sijasoma herufi yoyote nilitambua kwamba ni ya toleo la kwanza, kwani kirekebisha shabaha chake ni kigurudumu, ilhali toleo la pili lina kibapa cha kuinuliwa.

Ukavu wa Dodoma huchelewesha kutu kuliko hewa ya Pwani, lakini una hila yake: mbao za kitako husinyaa na kupasuka, na vumbi hujichanganya na grisi kuukuu hadi ikawa kama udongo wa kufinyangia, kisha masika yakifika tope hilo hushika unyevu juu ya chuma. Kwa hiyo naanza na grisi, kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa cha pamba. Kutu nyekundu, inayoendelea kula, nailainisha kwa mafuta mepesi na kuisugua taratibu kwa brashi laini ya shaba. Ile nyeusi iliyotulia naiacha, halafu napaka nta nyembamba. Msasa sigusi kabisa. Niliwahi kuletewa bunduki iliyong'arishwa karakana fulani ikawa kama sufuria mpya, na namba zake zote zimefutika. Mwenye kuileta alitarajia pongezi.

Jana, ubavuni mwa hii Bren, grisi ilipoachia, ziliibuka tarakimu tatu za mwaka: 193. Ya nne bado imo chini ya kutu, nami nimeiwekea tone la mafuta hadi kesho.