Je, ni mitandao iliyotuchanganyia utamaduni?

Ipo imani ya siku nyingi kwamba utamaduni wa pwani ulikuwa umejifungia, hadi mitandao ya kijamii ilipoleta mavazi, miziki na maneno ya kigeni. Inaeleweka inakotoka: leo video ya harusi ya Lamu hufika Muscat hata kabla sherehe haijaisha.

Lakini mtandao umeongeza kasi tu. Njia zenyewe ni za kale. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi. Mwaka 1928 taarabu ya Unguja ilirekodiwa kwenye santuri huko Bombay. Na kanga, vazi nilipendalo kuliko yote, chimbuko lake ni leso za dukani zilizoshonwa pamoja katika karne ya 19. Neno "leso" lenyewe asili yake ni Kireno.

Unaweza kuhakiki hili nyumbani. Soma maandishi madogo ukingoni mwa kanga za bibi. Baadhi hutaja India. Kisha fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno, utafute meza, kitabu na gari. Na ukiona mtandaoni kwamba desturi fulani imeingia juzi, muulize mzee wa mtaani kwenu kama hakuikuta.