Chembe Sahani Hazizibi Majeraha Tu

Katika majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, mstari wa chembe sahani husomwa kwa haraka: idadi ikiwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita, macho huhamia kwingine. Mimi ni daktari wa magonjwa ya damu, na kwa miaka mingi nami niliusoma hivyo hivyo, kana kwamba chembe hizi ni viraka tu vya kuzibia mshipa uliopasuka. Lakini wagonjwa wengi ninaoletewa kwa kuwa idadi yao imefika 600,000 au zaidi hawana saratani ya damu. Wana upungufu wa madini ya chuma, au wana jipu, nimonia, kifua kikuu au viungo vilivyovimba kwa miezi. Uvimbe wenyewe, ule ambao wataalamu huuita inflamesheni, ndio unaopandisha idadi: kemikali iitwayo intaleukini-6 hulichochea ini kutoa kwa wingi homoni ya thrombopoietini, nayo huuhimiza uboho uzalishe chembe sahani zaidi. Mwili haungejisumbua hivyo kama chembe hizi hazingekuwa na kazi katika vita hiyo.

Chembe sahani si seli kamili, bali ni kipande kilichomeguka kutoka kwenye seli kubwa ya uboho iitwayo megakariositi. Upana wake ni mikromita 2 hadi 3, haina kiini, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Hata hivyo imebeba shehena ya kushangaza. Ndani yake mna vifuko vilivyojaa protini za kuita na kuamsha chembe nyeupe, na vingine vyenye kalsiamu na serotonini. Kwa hakika, karibu serotonini yote iliyomo katika damu imehifadhiwa humo. Mwitaliano Giulio Bizzozero, aliyezieleza kwa undani mwaka 1882, aliziona kwa darubini zikijibandika kwenye ukuta wa mshipa ulioumizwa, na kazi hiyo ya kuziba ndiyo iliyotawala vitabu vyetu kwa zaidi ya karne moja.

Tazama sasa mshipa mdogo ulio jirani na kidonda kilichoingiwa na bakteria. Chembe sahani iliyokuwa ikipita ikiwa laini na bapa huamshwa, hujikunja na kuota vijimkono, na protini ya P-selektini iliyokuwa imefichwa ndani ya vifuko hujitokeza juu ya utando wake. Nyutrofili, ile chembe nyeupe inayotangulia mbele ya wenzake, huinasa P-selektini hiyo, hupunguza mwendo, hushika ukuta na hatimaye hupenya kuelekea kwenye kidonda. Ikichochewa zaidi, nyutrofili hutapika nyuzi za DNA yake yenyewe na kuzitandaza kama wavu. Nyavu hizo, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, hunasa bakteria, lakini hunasa pia chembe sahani, na hapo donge la damu huanza. Donge dogo la namna hiyo huuzuia ugonjwa usisambae. Tatizo ni pale linapojirudia katika maelfu ya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, za mapafu na figo, kama inavyotokea katika sepsisi, hali ya hatari ambapo mwili huitikia maambukizi kupita kiasi, kwa kuwa viungo hukosa damu na idadi ya chembe sahani huporomoka, sehemu kubwa kwa sababu zimetumika.

(Wenzangu wa maabara watasema wamewahi kuona chembe sahani zimeizunguka nyutrofili kama vifaranga na mama yao. Hilo kwa kawaida husababishwa na EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande iliyomo katika kichupa chenye kizibo cha zambarau. Chukueni damu upya katika kichupa cha sitrati, kizuia mgando kingine, kabla ya kumtia mgonjwa hofu.)

Mchezo huo huo, ukienda polepole, huonekana kwenye kuta za ateri zenye mafuta, ambako chembe sahani huzivuta chembe nyeupe ziingie ukutani miaka mingi kabla ya mshtuko wa moyo. Aspirini husaidia kwa sababu hukizima kimeng'enya cha COX-1, kinachotumiwa na chembe sahani kutengeneza kemikali ya kuamshana, na chembe isiyo na kiini haiwezi kutengeneza kingine, hivyo hubaki bila hicho hadi inapokufa. Njia nyingine za kuiamsha, hata hivyo, hubaki wazi, na ndiyo maana siitegemei aspirini kama dawa ya inflamesheni yote.

Kilichonibadilisha zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto njiti 660. Nusu yao waliongezewa chembe sahani idadi iliposhuka chini ya 50,000, na nusu iliposhuka chini ya 25,000. Waliokufa au kuvuja damu vibaya walikuwa asilimia 26 katika kundi la kwanza na asilimia 19 katika la pili. Utafiti haukuthibitisha sababu, ingawa binafsi naishuku ile shehena niliyoieleza hapo juu, kwani anayeongezewa chembe sahani huongezewa pia kemikali zote zilizomo. Tangu hapo, ninapoitwa usiku kwa ajili ya mtoto mwenye idadi ya 40,000, swali langu la kwanza ni kama anavuja damu, na kama havuji, mfuko wa chembe sahani hubaki benki ya damu.