Hukwe Zawose na magitaa ya roki: yanayosemwa na yalivyo

Mgogo aliyepanda jukwaa la roki na ilimba yake, boksi la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, anasifiwa sana Dodoma, lakini mengi yanayosimuliwa juu yake na ala yake si kweli.

"Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, ndiye aliyemwibua."

Hapana. Hukwe Zawose alizaliwa Doma, mkoani Dodoma, akajifunza muziki nyumbani. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Baadaye alifundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, ndiyo maana wengine humdhania mtu wa Pwani. Albamu yake *Tanzania Yetu* ilitoka mwaka 1985. Real World, kampuni ya kurekodi ya Gabriel, ilianzishwa 1989. *Chibite* ilifuata huko mwaka 1996. Gabriel alimfikisha kwenye kumbi kubwa, na hilo tunamshukuru, lakini usanii ulikuwa umekomaa zamani.

"Aliacha asili akaiga roki."

Sikiliza *Assembly* ya mwaka 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Zawose anaimba Kigogo kama kawaida yake. Gitaa ndilo linalotafuta pa kukaa.

"Ilimba haijakaa sawa, inahitaji kutyuniwa upya."

Hii ndiyo dhana inayoharibu ala. Ukiweka tyuna ya gitaa, kifaa cha kupimia noti, mbele ya ilimba, mshale utakataa noti kadhaa, na fundi asiyejua ataanza kusogeza vyuma. Sauti za Kigogo hufuata ngazi ya asili ambayo waya mmoja au bomba moja huitoa lenyewe: sauti ya 4 hadi ya 9, ile ya msingi ikihesabiwa ya 1. Ukianzia G unapata G, B, D, F, G na A. Ila B hiyo iko chini ya B ya kinanda kwa senti 14 hivi, na F iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua kutoka fret (kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa) moja hadi nyingine, ambayo ni senti 100. Sikio zima haliwezi kuikosa.

Isitoshe, ilimba kubwa ina vyuma vingi, na si vyote hupigwa. Baadhi hukaa tu vikiitikia vinavyopigwa, na huitikia kwa sababu vinalingana kwa ngazi hiyohiyo. Vipange kwa tyuna, mwitikio unafifia na ala inasikika kavu.

Mpiga gitaa ndiye anayepaswa kuhama. Tafuta kwanza sauti ya msingi ya ilimba, kisha tyuni gitaa kwa hiyo. Kwenye F usibonyeze fret ya F, maana kuvuta waya hupandisha sauti tu, hakuishushi. Bonyeza E, uvute taratibu mpaka yale mawimbi ya sauti mbili zinazogombana yatulie. Kinanda cha kawaida kinyamaze kwenye noti hiyo.

Chuma kimoja kikiteleza kweli, kigonge taratibu kwa nyundo ndogo: sehemu inayochezeka ikirefuka sauti inashuka, ikifupika inapanda. Linganisha na chuma mwenzake cha oktavu, siyo na tyuna ya simu.

"Ule mvumo wa kukwaruza ni kasoro."

Umewekwa kwa makusudi. Tundu la boksi huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, nao hutetemeka hewa inapopita. Mpiga roki hununua kifaa cha kukwaruzisha gitaa. Fundi wa ilimba hutegemea buibui. Utando ukichanika mvumo hupotea, basi badilisha utando, usiguse vyuma.

Studio nyingi huua mvumo huo bila kujua. Maiki ya kubandika kwenye mbao hushika noti na kuuacha utando. Ongeza maiki ya kawaida kama sentimita 20 mbele ya tundu, pembeni kidogo ya mikono, na usikate sauti za juu kwenye miksa kabla hujasikiliza wimbo wote pamoja na sauti ya mwimbaji.